Maswali ya Wasomaji: Sahani ya Mkimbiaji wa Mbio Ndefu

Barua za mwezi huu karibu zote zimeuliza jambo moja kwa njia tofauti: nile nini, kiasi gani, saa ngapi. Tumechagua nane. Panapotajwa kijiko, ni kijiko cha chai kilichopigwa sawa kwa kisu, si kile cha kuchota mlima. Uzito wa unga na mchele ni wa kabla ya kupikwa.

Miguu ilikataa kilomita ya 32

*Niko kwenye klabu ya jogingi hapa Dar es Salaam. Nina kilo 62, nakimbia siku tano kwa wiki, jumla kama kilomita 65. Nilikwenda Moshi kukimbia marathoni yangu ya kwanza. Mpaka kilomita ya 30 nilikuwa mzima, ya 32 miguu ikakataa kabisa, nikamalizia kwa kutembea. Usiku wa kuamkia mbio nilikula ugali mkubwa na nyama choma ili nipate nguvu, asubuhi nikanywa maji tu. Nilikosea wapi?* (Msomaji, Temeke)

Ulikosea mara tatu, na ugali haumo.

Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, inaitwa glaikojeni. Ikijaa vizuri, inatoa takriban kalori 2,000. Kukimbia kunatumia kama kalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, kwa hiyo wewe wa kilo 62 unahitaji karibu kalori 2,600 kumaliza kilomita 42. Sehemu ya deni hilo hulipwa na mafuta ya mwilini, lakini mafuta huungua polepole. Ukikimbia kwa nguvu, mwili unadai wanga. Akiba ikikauka, kasi haipungui kidogo kidogo, inaanguka. Njia ya Moshi nayo katika nusu ya pili inapanda kuelekea Mweka, na mlima haujali kama ulikula nyama.

Kosa la kwanza ni kudhani mlo mmoja wa usiku unajaza akiba. Haujazi. Inahitaji siku mbili kamili, huku mazoezi yakiwa yamepunguzwa, na kiasi ni gramu 10 za wanga kwa kila kilo yako kwa siku: kwako gramu 620. Ni chakula kingi kuliko unavyofikiri. Kwa mfano: asubuhi vipande sita vya mkate mweupe vyenye jamu, na vikombe viwili vya chai, vijiko vitatu vya sukari kila kimoja (gramu 125). Saa nne, ndizi mbivu mbili na glasi kubwa ya juisi (85). Mchana, wali wa gramu 200 za mchele (kama 155). Saa kumi, bilauri mbili za uji laini wa sembe wenye sukari (60). Jioni, ugali wa sembe wa gramu 200 za unga (150), na soda moja (32). Mboga na kitoweo viwepo, ila kidogo, maana vikijaza tumbo, wanga hautapata nafasi. Siku hizo mbili weka pembeni dona, maharage na mafuta mengi. Utaongezeka uzito kilo moja au moja na nusu. Usishtuke: kila gramu ya glaikojeni hukaa na kama gramu tatu za maji, na maji hayo utayahitaji njiani.

Kosa la pili ni asubuhi. Ukilala, ini linaendelea kulisha ubongo, hivyo unaamka akiba yake ikiwa imepungua sana. Kama mbio zinaanza saa 12:30 asubuhi, amka saa 9:30 usiku ule vipande vinne vya mkate wenye jamu, ndizi moja na chai ya rangi yenye sukari. Hapo una gramu 110 hivi. Kula kisha rudi kitandani kama unaweza.

Kosa la tatu, ambalo hukulitaja lakini tunalisoma kati ya mistari, ni kwamba njiani hukula kitu. Kwa mbio za zaidi ya saa mbili, lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na uanze kilomita ya tano au ya saba, wakati bado hujisikii kuhitaji. Pakiti moja ya jeli ya wakimbiaji ina gramu 22 hadi 25. Tende ndogo nne zina kama 20. Nusu lita ya kinywaji cha sukari tutakachokieleza hapo chini ina 30. Ukingoja mpaka kilomita ya 28, tumbo limeshapungukiwa damu na hicho ulichokula kitakaa tu.

Wengi walimcheka Claus-Henning Schulke, yule Mjerumani aliyekuwa akimpa Eliud Kipchoge chupa za kinywaji chenye wanga kwenye marathoni ya Berlin mwaka 2018 huku akirukaruka kwa furaha kila chupa ilipopokewa. Siku ile Kipchoge alimaliza kwa 2:01:39, rekodi ya dunia wakati huo. Yule bwana alijua anachokishangilia.

Kuhusu chakula cha kila siku: kwa mazoezi yako, gramu 6 hadi 7 za wanga kwa kilo zinatosha, yaani 370 hadi 430 kwa siku. Hesabu rahisi ya jikoni ni hii: robo kilo ya unga wa mahindi ina wanga kama gramu 190, robo kilo ya mchele kama 200, ndizi mbivu ya wastani 25, chapati moja ya kawaida 40, kikombe cha maharage yaliyoiva 40. Chapati mbili na chai ya maziwa asubuhi, wali na maharage mchana, ugali wa gramu 150 na dagaa usiku, matunda mawili katikati, umefika 400. Siku ya kupumzika punguza, siku ya mbio ndefu ongeza.

Unga wa protini wa bei mbaya

*Wenzangu chuoni Nairobi wananunua mikebe ya protini. Nina kilo 60. Je, nami ninunue?* (Mwanafunzi)

Hapana. Unahitaji protini gramu 1.4 hadi 1.6 kwa kilo, yaani 84 hadi 96 kwa siku. Mayai mawili yana 12, kikombe cha maharage 15, nusu lita ya maziwa 16, gramu 30 za omena (dagaa) mkavu 18, na ugali, chapati na wali wa siku nzima vitakupa kama 25. Jumla 86. Gawa mara tatu au nne badala ya kula zote usiku, kwa sababu msuli unatumia vizuri gramu 20 hadi 25 kwa mara moja. Kuna jambo jingine: baadhi ya mikebe hiyo imekutwa na dawa zilizopigwa marufuku ambazo hazikuandikwa kwenye lebo, na kanuni za kupambana na dawa za kusisimua misuli zinamwajibisha mwanariadha kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, awe alijua au hakujua. Kama unategemea kushindana, omena haitakufungia miaka minne.

Chai ya maziwa na damu ya mwanangu

*Mwanangu wa kiume ana miaka 17, anakimbia mita 5,000 shuleni huku Mbulu. Tangu mwezi wa nne anachoka haraka, kasi yake imeshuka, anasema moyo unamwenda mbio hata akipanda kilima kidogo. Zahanati wamempima, wekundu wa damu ni 11.2. Anakula vizuri: ugali wa dona, maharage, mboga, na chai ya maziwa kila mlo. Nimpe nini?* (Mama, Mbulu)

Pole mama. Kwa kijana wa kiume wa umri huo, kiwango cha chini ni 13, na mnaoishi nyanda za juu mnatarajiwa kuwa juu zaidi ya hapo kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwa hiyo 11.2 si uchovu wa mazoezi. Apumzike mazoezi makali kuanzia leo.

Kabla ya chakula, sababu ijulikane. Omba apimwe malaria, choo kwa ajili ya minyoo ya safura, na kama anaoga au kuvua kwenye mabwawa, kichocho. Safura hunyonya damu kimyakimya kwa miezi, na hakuna mboga itakayoishinda. Kama hospitali ya wilaya au ya mkoa inaweza kupima ferritini, ambayo ni ghala la madini ya chuma, lipia kipimo hicho. Kinaonyesha kama ghala ni tupu au tatizo liko kwingine, kwa mfano selimundu, ambako kumjaza vidonge vya chuma bila ushauri kunaweza kumdhuru.

Sasa chai. Chakula unachomtajia ni kizuri, ila madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, mboga na dona ni ya mimea, na mwili huyafyonza kwa shida. Tanini ya majani ya chai huyakamata yakiwa tumboni, na kalsiamu ya maziwa nayo inazuia kidogo. Mtoto anakula chuma na kukifunga kwa wakati mmoja. Hatusemi aache chai. Kwa mkimbiaji chai ya maziwa yenye sukari ni chakula kamili. Iondoke tu mezani wakati wa mlo. Anywe saa moja hadi mbili baada ya kula, au saa kumi jioni na kiazi kitamu.

Mahali pa chai weka tunda lenye vitamini C: pera, chungwa, embe, au ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga. Mapera hasa, maana yana vitamini C nyingi kuliko machungwa. Vitamini hiyo huyabadilisha madini yawe katika hali inayofyonzeka, lakini ni lazima vikutane tumboni katika mlo uleule. Chungwa la saa nne halisaidii maharage ya saa saba. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yale yamwagwe. Uji wa ulezi uwe wa kimea au wa kuchachushwa, kama bibi zetu walivyofanya, maana kuchipuza na kuchacha hupunguza faiteti inayong'ang'ania chuma. Mara mbili kwa wiki apate nyama nyekundu, na mara moja maini, gramu 100 zinatosha. Chuma cha nyama hufyonzwa kirahisi, tena kinasaidia kile cha mboga kilicho sahani moja nacho.

Akiandikiwa vidonge, kimoja asubuhi tumbo likiwa tupu pamoja na maji ya chungwa. Vikimsumbua tumbo, mwulize daktari kuhusu kumeza siku moja na kuacha moja; ufyonzaji hauharibiki na kichefuchefu hupungua. Choo kitakuwa cheusi, ni kawaida. Apimwe tena baada ya wiki sita hadi nane, na asirudi kwenye mazoezi ya kasi kabla ya majibu.

Kinywaji cha kutengeneza nyumbani

*Vinywaji vya michezo dukani ni ghali. Naweza kutengeneza mwenyewe? Na je, pakiti za kuzuia kuharisha zinafaa? Huwa najitahidi ninywe maji mengi iwezekanavyo nikiwa mbioni.* (Mkimbiaji, Mwanza)

Unaweza, tena kwa gharama ya soda moja utapata lita kadhaa. Kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa: sukari vijiko 15, sawa na vijiko vitano vya mezani vilivyopigwa sawa (gramu 60), chumvi robo kijiko, maji ya ndimu mbili au ya ukwaju mzito kidogo. Koroga chumvi kwanza kwenye maji ya moto kidogo ili isikae chini. Kinywaji hicho kiishe ndani ya siku moja, kikilala, mimina.

Gramu 60 kwa lita si namba ya kubahatisha. Sukari ikizidi gramu 80 au 100 kwa lita, maji hukawia kutoka tumboni, unasikia yanacheza ndani kama mtungi, kisha kichefuchefu. Hilo ndilo linalowapata wanaokunywa juisi nzito ya dukani au soda isiyochanganywa na maji. Ukionja kinywaji chako na kikawa kitamu kama chai ya harusini, umekosea kupima. Chumvi nayo ikizidi robo kijiko hutaweza kukinywa kwa saa tatu mfululizo. Jaribu kwenye mazoezi, usijaribu siku ya mbio.

Pakiti za kuzuia kuharisha zimetengenezwa kwa kazi nyingine. Pakiti ya lita moja ina glukosi gramu 13.5 tu na chumvi gramu 2.6. Inarudisha maji vizuri baada ya zoezi la jua kali, lakini kama mafuta ya safari ni kidogo mno. Dafu ni zuri baada ya mbio; lina potasiamu nyingi na sodiamu haba, kwa hiyo lifuatishe na kitu chenye chumvi.

Hilo la kunywa maji mengi iwezekanavyo tunaomba uliache. Kwenye mbio za Boston mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya chini kupita kiasi. Alama kubwa ya hatari ilikuwa kuongezeka uzito mbioni, yaani walikunywa kuliko walivyotoka jasho. Maji yakizidi, damu inachujuka, ubongo unavimba. Kichwa kinauma, mtu anatapika, anachanganyikiwa. Watu wanaomzunguka, wakidhani amekaukiwa, wanamwongezea maji. Hapo ndipo mtu hufa.

Pima jasho lako. Jipime uzito bila nguo kabla na baada ya kukimbia. Tuseme ulianza na kilo 64.0, umerudi na 62.6, na njiani ulikunywa mililita 400. Umepoteza lita 1.8. Kama ulikimbia saa moja na nusu, jasho lako ni lita 1.2 kwa saa. Huna haja ya kurudisha zote ukiwa njiani. Wengi wanatosheka na mililita 400 hadi 800 kwa saa, wakifuata kiu. Zilizobaki, nywa taratibu ukifika nyumbani, na chakula chenye chumvi.

Hedhi imekatika, kocha anasema nimeiva

*Nina miaka 20, kilo 46, niko kambini karibu na Iten. Nilipunguza ugali tangu Januari ili niwe mwepesi, na nilikimbia vizuri miezi miwili. Sasa huu ni mwezi wa tano tangu hedhi ikatike. Kocha anasema ni dalili ya kuiva kimazoezi, wasichana wote wakali hupitia. Juzi nimeanza kusikia maumivu kwenye mfupa wa muundi, mahali pamoja, nikibonyeza kwa kidole yanachoma.* (Msomaji)

Dada, acha kukimbia leo. Si kupunguza, ni kuacha. Maumivu ya mfupa yaliyo mahali pamoja pa ukubwa wa kidole, kwa mtu aliyekosa hedhi miezi mitano, tunayachukulia kuwa ufa wa mfupa mpaka ithibitike vingine. Eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu, kwa hiyo jibu la "picha ni safi" lisikurudishe barabarani. Mwambie daktari mambo yote mawili, mfupa na hedhi, maana ukitaja moja atatibu moja. Kipimo cha mimba kifanywe kwanza, ndio utaratibu.

Kocha wako amekosea, na si yeye peke yake. Maneno hayo yamezoeleka kambi nyingi. Mwili ukipata chakula pungufu ya kinachotumika, unaanza kufunga maduka: kwanza uzazi, kisha ujenzi wa mifupa, kisha kinga na usingizi. Homoni ya estrojeni ikishuka, mfupa unaliwa kuliko unavyojengwa, na wewe unaupiga barabarani maelfu ya mara kila asubuhi. Miezi miwili mizuri uliyoipata ni ya kweli, mtu akipungua uzito hukimbia haraka kwa muda. Ni kama kuuza mabati ya paa jua likiwaka. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko juu ya hali hii mwaka 2014, na kusisitiza kwamba inawapata wanaume pia. Wao hawana hedhi ya kuwaonya tu.

Na huo ugali unaoukimbia: utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulipima kila walichokula wakimbiaji wa ngazi ya juu wa Kenya kwa siku saba. Zaidi ya robo tatu ya nguvu zao ilitoka kwenye wanga, karibu gramu 600 kwa siku, ugali ukiongoza. Sukari, nyingi yake ya kwenye chai, ilitoa sehemu ya tano. Hao ni watu wembamba kama wewe.

Rudisha ugali kwenye kiasi cha awali, kisha juu yake ongeza kila siku nusu lita ya maziwa au mursik (kama kalori 300), nusu parachichi (160) na kiganja cha karanga (170). Usile mara mbili tu kwa siku. Kula mara tano, na ndani ya nusu saa baada ya zoezi lolote uwe umeshaweka kitu mdomoni. Kalsiamu utaipata kwenye maziwa, managu na omena anayeliwa na mifupa yake. Usikubali vidonge vya uzazi wa mpango kama tiba ya kurudisha hedhi. Damu itakayotoka ni ya vidonge, mifupa haitajua tofauti, na utakuwa umezima taa ya onyo. Hedhi yenyewe inaweza kuchukua miezi kadhaa kurudi.

Ukurasa huu mwoneshe kocha.

Tumbo linanisumbua kila mbio za kushindana

*Mazoezini sina shida. Siku ya mbio, kilomita ya 15 lazima nitafute choo. Huwa nameza diklofenaki moja asubuhi kuzuia maumivu ya goti.* (Msomaji, Mombasa)

Anza na hiyo diklofenaki. Ukikimbia kwa kasi ya mashindano, damu nyingi huondoka kwenye utumbo kwenda kwenye misuli na ngozi. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, hukwaruza ukuta wa utumbo uliopungukiwa damu, na mbaya zaidi hubana damu inayokwenda kwenye figo wakati ambao umekaukiwa. Goti linalohitaji dawa ili likimbie linahitaji daktari.

Kisha chakula cha siku iliyotangulia: ondoa maharage, mbaazi, sukuma wiki, maembe, vyakula vya kukaanga na pilipili. Mboga hizi ni rafiki siku nyingine zote. Siku hiyo ni mzigo. Ukiwa na shaka na maziwa, badili yawe mtindi au chai ya rangi, kwani watu wazima wengi wa kwetu hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kusaga sukari ya maziwa, na huligundua siku ya mbio tu. Utumbo pia unafundishika: kwenye mbio ndefu za wiki sita za mwisho, kula na kunywa vilevile utakavyofanya siku yenyewe, ukianza na gramu 30 kwa saa na kupanda.

Mfungo na nusu marathoni

*Assalaam alaykum. Mbio zangu ni wiki ya pili baada ya Idi. Nipo Unguja, nina kilo 58. Nitafanyaje mazoezi bila kuvunja saumu wala kuvunja mwili?* (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Wa alaykum salaam. Mwezi wa Ramadhani ni wa kulinda ulichonacho, si wa kujenga. Punguza kilomita kwa robo hadi theluthi, bakisha zoezi moja la kasi kwa wiki na moja refu la wastani.

Mbio nyepesi zifanye dakika 40 kabla ya magharibi, ili ukimaliza adhana ikukute. Zoezi la kasi na lile refu liwe baada ya tarawehe, saa mbili au zaidi tangu ufuturu. Usikimbie baada ya daku. Utaanza siku nzima ya jua la Unguja ukiwa tayari umetoka jasho.

Futuru kwa hatua mbili. Kwanza tende tatu hadi tano, nusu lita ya maji, na bakuli la uji wenye chumvi kidogo, kisha swali magharibi. Ukirudi, viazi vitamu, mhogo au ndizi, samaki na mboga. Jihadhari na tui siku za kukimbia usiku. Futari ya nazi ni tamu, lakini mafuta hukaa tumboni saa nyingi na tui zito litakurudia kooni kwenye kilomita ya tatu. Siku hizo chemsha bila tui, za tui zipangie siku ya mapumziko. Sambusa na bajia vivyo hivyo.

Baada ya zoezi la usiku kula tena: wali au boflo, mayai, mtindi. Watu wengi hukosa mlo huu, kisha wanashangaa wiki ya tatu wamelegea. Maji, lita mbili na nusu hadi tatu, yagawe tangu futari mpaka daku, glasi kwa saa. Ukiyabugia yote daku yatatoka yote kabla ya saa mbili asubuhi. Daku icheleweshe mpaka karibu na imsaki: wali au mkate, maharage, mtindi, ndizi. Papa wa chumvi na kahawa kali viache. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai kavu kabla ya magharibi, jioni hiyo tembea tu.

Siku kumi kati ya Idi na mbio zinatosha kurudisha akiba. Hazitoshi kurudisha mazoezi uliyokosa, kwa hiyo usijaribu kuyafidia.

Alfajiri bila kula

*Natoka saa kumi na moja alfajiri. Nile kwanza au nitoke hivyohivyo?* (Msomaji, Arusha)

Kama ni mbio za taratibu zisizozidi saa moja, toka hivyohivyo ukiwa umekunywa glasi ya maji. Kambi nyingi za Kenya na za huko kwenu hufanya hivyo, chai inasubiri. Kama ni fatleki (mbio za kupandisha na kushusha kasi), mazoezi ya uwanjani, au zaidi ya dakika 90, kula ndizi moja na kikombe cha chai yenye vijiko viwili vya sukari nusu saa kabla. Mwili ulio tupu hautafikia kasi uliyopangiwa, na zoezi la kasi lililofanywa polepole limepotea. Kisha kifungua kinywa kisichelewe mpaka saa nne kwa sababu ya foleni ya kuoga. Chapati na maziwa viwe tayari usiku uliotangulia.